Maduka ya zamani: maswali mnayoniuliza kila wiki hapa Moshi

Habari zenu. Mimi nauza vitambaa Moshi mjini, kwenye duka la zamani ambalo shangazi yangu alipanga kabla yangu, na kwa vile napenda sana haya majengo na nikienda pwani kazi yangu ni kusimama mbele ya milango ya watu naangalia bawaba, basi watu wananiuliza maswali kila siku, dukani, kwenye simu, hata msibani. Mengi yanajirudia, nimeona niyaandike mahali pamoja.

Hilo duka lako ni la karne ya 19?

Hapana, na hapa Moshi mjini mtu akikwambia duka lake ni la 1880 mwambie taratibu kwamba mji wenyewe haukuwepo. Moshi ya wakati ule ilikuwa kule juu, Old Moshi, kwa Mangi Rindi, yaani chifu wa Wachagga wa pale, na baadae mwanae Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga pale pale 1900. Huku chini tulipo sisi mji ulikuja na reli. Reli ilianza kujengwa Tanga 1893, ikasuasua miaka na miaka, ikafika Moshi 1911, na reli ilipofika ndo maduka yakashuka kuifuata stesheni. Kwa hiyo maduka ya zamani ya hapa kwetu ni ya karne ya 20, ila ramani yake, milango yake, baraza zake, vyote vimetoka kwenye maduka ya karne ya 19 ya pwani, ndo maana huwezi kuelewa duka la Moshi bila kwenda kuangalia la Bagamoyo au la Unguja.

Sasa kabla ya hapo watu wa huku mlimani walinunua wapi?

Sokoni. Masoko ya akina mama wa Kichagga yalikuwepo zamani sana kabla ya Mzungu, yana siku zake, ndizi inabadilishwa na magadi, maharage na vyungu. Halafu kulikuwa na misafara ya Waswahili na Waarabu toka Pangani na Mombasa, wanakuja na shanga, waya wa shaba na merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, wanaondoka na pembe za ndovu, na biashara kubwa ilipitia kwa mangi. Mimi hili linanigusa sana kwa sababu leo ukienda Dar duka lolote la mtaani mwenye duka anaitwa Mangi, hata kama ni kijana wa miaka 20 hajui hata njia ya kwenda Kibosho. Cheo cha mtu aliyepokea misafara kimekuwa jina la mtu anayekupimia sukari robo.

Basi hayo ya karne ya 19 yenyewe yako wapi, nikitaka kuyaona kwa macho?

Anza Bagamoyo, mtaa wa India. Ule ndo ulikuwa mdomo wa njia ya misafara, mzigo wote wa kwenda Tabora na Ujiji ulifungwa pale. Wafanyabiashara wakubwa walipita pale, akina Sewa Haji Paroo aliyekuwa anagharamia misafara na kuipatia wapagazi, alifariki 1897, na wale mliowahi kulazwa Muhimbili jengo la Sewahaji sasa mnajua jina limetoka wapi, maana fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam enzi hizo. Yupo na Allidina Visram, alikuja Bagamoyo kijana mdogo toka India akaishia kuwa na maduka yaliyotawanyika mpaka Uganda, akafariki 1916.

Halafu vuka Unguja. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kuna mamlaka yake maalum ya kuuhifadhi toka 1985, kwa hiyo pale maduka ya zamani yamebaki mtaa mzima siyo moja moja. Tembea Hurumzi na Kiponda asubuhi kabla jua halijawa kali. Na ukifika ufukweni usiache kuingia Old Dispensary, ile yenye varanda za mbao za kijani zilizochongwa kama lesi. Msingi uliwekwa 1887, ikamalizika 1894, aliyeianzisha alikuwa mfanyabiashara Tharia Topan na akafa kabla haijaisha. Chini dawa, juu watu wanaishi. Baadae ikachakaa kabisa, miaka ya 90 ikakarabatiwa na shirika la utamaduni la Aga Khan, na ukiigusa leo ngazi zake za mbao unajua kabisa kwamba jengo likipata mtu anayelijali linarudi.

Nikiwa nimesimama barabarani nitajuaje hili ni duka la zamani na siyo nyumba tu iliyogeuzwa duka?

Angalia mlango kwanza. Nyumba ya Mwarabu au Mswahili ina mlango mmoja mkubwa umechongwa, umefungwa muda wote, maana ndani kuna familia. Duka la Mhindi ni kinyume, mbele kote ni mlango. Ile mbao imekatwa vipande vipande vya miraba midogo, ubao mmoja unakunjwa katikati unajilaza juu ya mwenzie, ukishakunja zote ukuta wa mbele umepotea, duka lote liko wazi mpaka nyuma kwenye stoo. Hiyo milango mtindo wake umetoka Gujarat. Ilikuwa ndo bango la duka, mtu anapita anaona mzigo wote, na usiku ukifunga hamna dirisha la kuvunjwa.

Pili baraza. Ile sehemu ya saruji au mawe iliyoinuka mbele, imefunikwa na paa, inaungana na ya jirani na ya jirani yake mpaka mwisho wa mtaa, ukitembea mvua ya masika haikupati. Hapa Moshi ndo makao ya mafundi cherehani na wana haki nayo kabisa, maana baraza haikujengwa kwa ajili ya kupita tu. Mteja alikaa pale, bei ikajadiliwa pale, kahawa ikanywewa.

Tatu inua macho. Juu ya paa la mbele mara nyingi kuna ukuta mfupi umepambwa, na majengo mengi ya huku kwetu yameandikwa pale mwaka na pengine jina la ukoo uliojenga. Watu wanapita miaka 30 hawajawahi kuangalia juu. Ghorofa ikiwepo basi familia ililala juu, na ngazi utaikuta uani, siyo ndani ya duka.

Nne ingia, ukiruhusiwa, uangalie kaunta. Ya kwetu ina misumari miwili ya shaba imepigwa kwenye ukingo, toka huu mpaka ule ni yadi moja kamili. Shangazi alikuwa anashika kitambaa kwa vidole viwili, anakipitisha msumari kwa msumari bila hata kuangalia huku anakuuliza habari za mama yako, na mpaka leo na mimi napimia hapo hapo, futi kamba ipo kwenye droo kwa ajili ya wasioamini. Katikati ya misumari ubao umelika umekuwa laini kama sabuni.

Kwa nini yale maduka ya Unguja ni membamba hivyo, yaani kama korido?

Boriti. Dari zilibebwa na miti ya mikoko, na mikoko iliyonyooka inayobeba dari nzito ya mawe na chokaa haizidi kama mita 3 hivi. Ukitaka chumba kipana zaidi huna mti. Kwa hiyo chumba kinakuwa chembamba kinarefuka kwenda nyuma, duka mbele, stoo katikati, ua nyuma. Mlima ulivyokuwa na magogo makubwa na baadae bati na mbao za kupasua, mafundi wa huku waliweza kupanua kidogo, ila ile tabia ya kwenda nyuma ilibaki. Pima duka lolote la zamani la hapa mjini utaona.

Ukuta wangu unatoa unga mweupe na lipu inabanduka kila mwaka hata nikipaka rangi ya bei ghali. Nifanyeje?

Hili ndo swali namba moja na naomba mnisome mpaka mwisho kwa sababu hapa ndo majengo yanakufa.

Ukuta wa zamani ni mawe au matofali ya kuchoma, unene wake unaweza kufika nusu mita, umeunganishwa kwa chokaa na udongo, na mara nyingi chini hamna ile nailoni mnayoweka siku hizi ya kuzuia maji. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Huwezi kuyazuia, na mafundi wa zamani hawakujaribu. Walipiga lipu ya chokaa ambayo inapumua, unyevu unapanda kidogo unatokea nje unakauka na upepo, yameisha. Kila baada ya muda wanapaka chokaa tena.

Sasa amekuja fundi wako akapiga lipu ya saruji, akamalizia na niru, ile lipu laini ya juu, na rangi ya mafuta ambayo inang'aa. Umeziba utambi. Maji hayajaacha kupanda, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na yanapotoka yanaacha chumvi, ule unga mweupe. Chumvi ikiganda inavimba, inasukuma lipu, na saruji ni ngumu kuliko jiwe la nyuma yake kwa hiyo ikianguka inaondoka na uso wa jiwe. Kwetu lilitokea hili hili. Fundi mmoja, sitamtaja, alituhakikishia kwamba chokaa ni mambo ya kizamani, akatupigia saruji ukuta wa kushoto mpaka usawa wa kifua. Msimu wa mvua wa pili unyevu ulikuwa umefika juu ya kichwa changu, majora mawili ya kitenge yaliyoegeshwa pale yakaota ukungu, nikayatoa nje nikalia kabisa, siyo kwa ajili ya kitenge.

Tiba yake ni hii na inataka uvumilivu. Kwanza toa saruji yote, kwa patasi na nyundo ndogo, siyo nyundo ya kubomolea. Pili shughulika na maji yanayotoka juu na nje kabla hujagusa ukuta: gata zikoje, bati limetoboka wapi, na udongo wa nje umepanda kiasi gani, maana miaka yote barabara inajazwa kifusi na ukuta unajikuta umezikwa. Shusha udongo, chimba mfereji. Tatu acha ukuta ukauke, na simaanishi wiki mbili, acha kiangazi chote toka Juni mpaka Septemba. Ndo upige chokaa, tabaka nyembamba nyembamba zisizozidi sentimita 1, kila tabaka likikaza ndo linakuja lingine, na jua lisilipige, tundika magunia yaliyolowa.

Hiyo chokaa naipata wapi na inachanganywaje?

Chokaa ya Tanga ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, uliza chokaa ya kujengea, siyo ile ya kuchorea viwanja vya mpira. Kama umepata ambayo bado haijazimwa, yale mabonge, iheshimu sana. Ukiizima inachemka kama ugali na ikikurukia jichoni ni upofu. Maji kwanza kwenye pipa, halafu chokaa kidogo kidogo juu yake, kamwe usimwagie maji juu ya rundo la chokaa. Vaa miwani, watoto wasiwepo. Ikishatulia iache imefunikwa na maji juu yake, wiki kadhaa, na ikikaa miezi ni bora zaidi, inakuwa kama siagi. Mchanganyo wa kawaida ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliooshwa. Pwani zamani walichoma matumbawe kwenye lundo la kuni wakapata chokaa yao wenyewe. Na kumbukeni saruji ya kwetu wenyewe tumeanza kuitengeneza 1966 pale Wazo Hill, kabla ya hapo ilikuwa inakuja kwa meli, kwa hiyo huyo anayesema chokaa haishiki amwangalie babu yake alilala kwenye nyumba ya nini.

Si serikali inalinda majengo yote ya zamani?

Wengi wanaamini hivyo na ndo maana wanalala. Kwa huku bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na jengo linalolindwa moja kwa moja ni lile lililojengwa kabla ya 1863. Rudia huo mwaka, 1863. Hakuna duka hata moja la Moshi au Arusha linaloingia hapo, na hata maduka mengi ya Bagamoyo ya miaka ya 1880 na 1890 yako nje. Hayo mengine mpaka waziri mwenye dhamana ayatangaze kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo duka la miaka 100 ambalo halijatangazwa linaweza kubomolewa kesho na kibali cha ujenzi cha kawaida toka manispaa. Mimi nadhani huo mwaka umepitwa na wakati na unatakiwa usogezwe mbele, na nitaendelea kusema hivyo kwa kila afisa atakayeingia dukani kwangu kununua kitambaa. Zanzibar wana sheria zao wenyewe, msichanganye.

Kuna mtu wa Arusha anataka kununua mlango wangu wa mbele, anatoa hela nzuri, niuze?

Usiuze. Na kabla hujanijibu kuhusu ada za shule, jua kwamba sheria ile ile inayotaja 1863 inataja milango kwa jina: mlango au fremu ya mlango iliyochongwa nchini kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki ni kitu kinacholindwa. Haiuzwi tu na kusafirishwa kama sofa, inahitaji kibali. Dalali atakwambia ni kwa ajili ya hoteli hapa hapa, ila ukishatoka mikononi mwako hujui unaishia bandari gani. Na duka likishatoka mlango, kinachofuata ni shata ya chuma, halafu ukuta unapasuliwa kuingiza shata, nimeshaona hiyo njia mara nyingi.

Kama mlango umeoza chini, fundi seremala mzuri anakata ile sehemu iliyooza anaunga mbao nyingine ya aina hiyo hiyo. Ya kwetu imeungwa kwa mninga, ukikaribia unaona mstari, ukiwa mita 2 huoni.

Jengo letu ni la Msajili, tunapanga tu, sasa sisi tutahifadhi nini?

Kwa wadogo zangu msiojua: 1971 ilitoka sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, akawekwa Msajili wa Majumba kuyasimamia, na 1990 kazi zake zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Ndo maana wazee bado wanasema nyumba ya Msajili. Kuna familia zilipoteza jengo lililojengwa na babu yao na zikabaki zinapanga chini, na kuna wapangaji kama shangazi yangu waliopata pa kuanzia maisha ambapo wasingepapata kamwe. Yote mawili ni kweli na mimi nimekulia katikati yake.

Mpangaji anahifadhi mengi. Kuzibua gata kabla ya Machi ni kazi ya ngazi na mkono. Kutokutoboa ukuta kila unapobadilisha shelfu. Kukataa taili kwenye sakafu ya zamani. Na kubwa kuliko yote, kufungua duka kila siku, maana ule mlango ukikunjwa asubuhi upepo unaingia unakausha ukuta, mchwa unamwona mapema, bati likivuja unajua siku hiyo hiyo. Majengo niliyoona yameanguka hapa na pwani mengi yalikuwa yamefungwa kwanza.

Kwa hiyo bora kukarabati kuliko kubomoa tujenge frem mpya za kisasa? Hesabu haikatai?

Hesabu ya kilemba, ile hela ya kuingilia frem, na kodi ya mwezi inaweza kukataa, nisikudanganye, frem sita kwenye kiwanja cha duka moja zinaingiza zaidi. Lakini weka na hii: dari ya juu na ukuta mnene vinafanya ndani kuwa na ubaridi Januari bila feni, na baraza inakuletea watu mvua ikinyesha. Kama lazima uongeze, kuna ua nyuma, jenga huko uache mbele.

Rangi gani inafaa nje?

Chokaa iliyotiwa rangi. Kampuni ya simu ikija kukupakia jengo zima bure kwa rangi yake, kataa, ni rangi inayoziba.

Enzi hizo walilipa kwa nini, rupia?

Rupia ndiyo. Enzi za Mjerumani mwanzoni rupia moja ilikuwa na pesa 64, neno hilo ni la Kihindi, halafu 1904 wakabadilisha ikawa rupia moja kwa heller 100, na heller ndo hela hii hii tunayosema leo. Kwa hiyo mtu anaposema hana pesa wala hela ametaja sarafu mbili za duka la zamani. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba 4 ni pishi 1. Na neno duka lenyewe limekuja na hao hao Wahindi wenye maduka, kwao wanasema dukan.

Na Arusha je?

Arusha ilianzia kwenye boma la Wajerumani, lilijengwa kuanzia 1899, leo ni makumbusho ya elimu viumbe. Maduka yalikuja chini yake baadae, na reli ilifika huko 1929. Ukitoka bomani shuka kwa miguu mpaka karibu na soko kuu, angalia juu ya mabango. Arusha imebomoa haraka kuliko sisi kwa sababu ardhi yake ina bei, hivyo nendeni mapema.

Naweza kuja kuangalia duka lako na watoto?

Njooni. Asubuhi kati ya saa 2 na saa 4 ndo vizuri, jua linaingia moja kwa moja mpaka kwenye kaunta. Jumamosi hapana, ni siku ya wateja wa sare za harusi. Watoto wanaruhusiwa kukunja mlango wenyewe, ubao mmoja mmoja, ni 8, wa tatu toka kulia unataka kuinuliwa kidogo ndo ukubali.